Kuacha Tumbako na Kudumu Kuiacha

Kila mwaka, Jumatano ya Majivu ikikaribia, wakatekumeni na Wakristu wa vijijini huchagua jambo watakalojinyima katika Kwarezima. Mmoja ataacha pombe, mwingine nyama, mwingine sukari, kama anayo. Na wanaume wengi, pamoja na wanawake wasio wachache, husema: «Mimi nitaacha tumbako.» Wengi wao hulitimiza neno hilo. Siku 40 zinapita, hawavuti. Lakini Pasaka ifikapo, ngoma zingali zikilia, mtu yule aliyeshinda siku zote hizo anapokea sigara moja mkononi mwa rafiki, anaivuta kwa furaha, na kabla ya wiki kwisha anavuta kama zamani. Tena wako wanaovuta kupita zamani, kana kwamba wanalipa deni.

Jambo hilo lastahili kufikiriwa. Mtu aliyekaa siku 40 bila tumbako hawezi kusema kwamba hana nguvu ya kuacha. Nguvu anayo, amekwisha kuionyesha mbele ya mke wake na jirani zake. Hakuangushwa na taabu ya siku ya kwanza. Aliangushwa na sigara moja ya siku ya arobaini na moja, ambayo wala hakuihitaji. Kwa sababu hiyo somo hili litapita upesi juu ya mambo ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia, nalo litakaa zaidi juu ya lile ambalo watu hawafundishwi sana: namna ya kudumu.

«Je, kuvuta tumbako ni dhambi?» Hilo ndilo swali ambalo wakatekumeni humwuliza mwalimu kwanza, na mara nyingi wanaliuliza wakitumaini jibu fupi. Jibu fupi halipo. Kanisa halifundishi kwamba kila avutaye sigara moja ametenda dhambi ya mauti. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya tano, yafundisha katika namba 2290 kwamba fadhila ya kiasi humwepusha mtu na kila namna ya kupita kiasi: katika chakula, katika pombe, katika tumbako na katika dawa. Neno tumbako limeandikwa pale waziwazi. Maana amri ya tano haikatazi tu kumwua mwenzako kwa mkuki. Yaagiza pia kuutunza uhai ambao mtu hakujipa mwenyewe.

Mapapa nao wamelitazama jambo hili kwa namna mbalimbali, kadiri ya ujuzi wa nyakati zao. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII alikataza tumbako ndani ya makanisa ya jimbo la Sevilla, nchini Hispania, kwa kuwa watu waliitumia hata wakati wa Misa. Mwaka 1725 Papa Benedikto XIII aliliondoa katazo la namna hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Wazee wa misioni wanakumbuka mapadri wenye ndevu ndefu na kiko mdomoni. Ni kweli, wala hakuna haja ya kulificha. Wakati ule hata waganga wa hospitali walivuta. Leo ujuzi umeongezeka. Mwishoni mwa mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba tangu mwaka 2018 sigara zisiuzwe tena katika Mji wa Vatikano, ijapokuwa biashara hiyo ilileta fedha nyingi. Haikufaa, ilisemwa, kushiriki katika jambo linalodhuru waziwazi afya ya watu.

Wako pia wasemao: «Tumbako ni mali ya mababu, nani atatuondolea?» Hao nao wapewe habari ya kweli. Mmea wa tumbako asili yake ni Amerika. Haukujulikana katika Afrika mpaka merikebu za Ulaya zilipoanza kwenda na kurudi katika bahari kubwa baada ya mwaka 1492. Mababu wa mababu, wale waliotangulia kabisa, walizaa, walilima, walihukumu mashauri na kuzika wafu wao bila kuiona hata punje moja ya mbegu yake. Desturi ya kumpa mgeni kitu cha kumkaribisha ni ya zamani sana, nayo ni nzuri. Tumbako iliingia katika desturi hiyo baadaye, na inaweza kutoka bila desturi kuvunjika.

Sasa yafaa kujua jinsi tumbako inavyomshika mtu, kwa maana asiyemjua mwizi hawezi kufunga mlango anaopitia.

Ndani ya jani la tumbako mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini huingia katika mapafu, kutoka mapafuni katika damu, na kutoka damuni katika ubongo, na safari hiyo yote huchukua kama sekunde 10 hadi 20 tu. Hakuna chakula wala pombe inayofika kichwani upesi namna hiyo. Ubongo wa mvutaji hujizoeza. Hujifanyia milango mingi zaidi ya kuipokea nikotini, na milango hiyo ikikaa mitupu hupiga kelele. Baada ya saa 2 hivi nusu ya nikotini imekwisha kutoka katika damu. Ndipo mtu anapoanza kuona uchungu, mikono inatafuta kitu, neno dogo la mtoto linamkasirisha. Anawasha sigara, taabu inatulia, naye anasema: «Tumbako inanituliza.»

Hapo ndipo penye udanganyifu wote. Sigara hii imeondoa taabu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Ni kama mchuuzi ambaye usiku anatoboa paa la nyumba yako, na asubuhi anakuja kukuuzia majani ya kuezekea, nawe unamshukuru kwa wema wake. Mtu asiyevuta hana tundu hilo katika paa lake. Asubuhi anaamka, anakwenda shambani, anarudi, wala hakuna kitu kichwani kinachomwita kila saa mbili. Mvutaji hufikiri kwamba anapata raha ambayo wengine hawana. Kwa kweli ananunua kwa franka zake ile hali ambayo wengine wanayo bure.

Juu ya magonjwa, maneno machache yatatosha. Kila mtu anajua hatari ya kulala katika nyumba iliyofungwa huku mbabula yenye makaa ikiwaka ndani: watu huweza kukutwa wamekufa asubuhi. Hewa ile ile ya sumu itokayo katika makaa imo katika moshi wa sigara, kwa kiasi kidogo, nayo huchukua katika damu nafasi ya hewa njema. Katika moshi huo wataalamu wamehesabu vitu zaidi ya 7,000, na vipatavyo 70 kati yake huleta kansa. Anayevuta hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko asiyevuta, na habari hiyo yawahusu sana watu wa Kongo, ambako ugonjwa huo ungali ukiua wengi. Moshi wa kiko cha kibuyu, uliopita katika maji, umepoa tu, haukusafishwa. Ugoro na tumbako ya kutafuna hazina moshi, lakini zinaleta kansa, na nikotini ni ile ile. Tena mtoto mchanga alalaye katika nyumba ya wavutaji anavuta pamoja nao, ijapokuwa hakuulizwa.

Kuna habari moja ambayo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu inaleta tumaini. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza kwamba sigara ndiyo iliyokuwa ikileta kansa ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Alipoyaona matokeo ya kazi yake, akaacha. Mwaka 1951 walianza kuwaandikia barua waganga wa nchi yao, wakiwauliza kama wanavuta au hawavuti, nao waliwafuata waganga wanaume 34,439 kwa muda wa miaka 50, wakihesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Mwaka 2004 hesabu ya mwisho ilitangazwa. Wale walioendelea kuvuta sigara walikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya wale wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliirudisha karibu miaka yote 10. Aliyeacha akiwa na 40 alirudisha miaka 9 hivi. Akiwa na 50, miaka 6. Akiwa na 60, miaka 3. Basi mzee asiseme: «Mimi nimekwisha kuharibika.» Miaka mitatu ya kuwaona wajukuu si kitu kidogo.

Fedha nazo zihesabiwe. Anayevuta sigara 10 kila siku anavuta 3,650 kwa mwaka, ndiyo pakiti 182 na zaidi. Na mtu wa kijijini mara nyingi hanunui pakiti. Hununua moja moja kwa mchuuzi wa kando ya njia, na kwa namna hiyo hulipa zaidi, kwa kuwa mchuuzi lazima apate faida yake. Baba asemaye kwamba hana franka za daftari za mtoto ajaribu kuweka katika kopo, kila jioni, fedha ya sigara alizovuta mchana. Mwisho wa mwezi alifungue kopo mbele ya mama wa nyumba.

Yote hayo yasemwa ili mtu apende kuacha. Sasa, aache namna gani?

Wengi hufikiri kwamba ni vema kupunguza polepole: leo 10, wiki ijayo 8, halafu 5. Njia hiyo yaonekana kuwa na huruma, lakini sigara ile iliyobaki huwa tamu kuliko zote zilizoondoka. Nchini Uingereza wataalamu waliwagawanya wavutaji 697 katika makundi mawili. Kundi moja lilipunguza kwa muda wa wiki 2 kabla ya siku ya kuacha, jingine liliacha mara moja siku iliyowekwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya wiki 4, katika kila watu 100 walioacha mara moja, 49 walikuwa wangali wameacha. Katika wale waliopunguza, 39. Tofauti si ndogo. Basi mtu achague siku, siku ya kweli yenye tarehe, isiwe mbali kupita wiki mbili. Awaambie watu wa nyumba yake. Jioni ya siku iliyotangulia avunje kiko, agawe au achome majani yaliyobaki, na kiberiti kikae mahali pa moto wa kupikia, si mfukoni.

Hapa hitilafu moja hutokea mara nyingi. Mtu anaacha, lakini anaficha sigara mbili katika dari, «ili nisiwe na hofu». Huyo hajaacha. Amehamisha tu.

Siku 3 za kwanza ndizo kali kuliko zote. Mtu huona hasira, kichwa kinauma, usingizi unakuwa mwepesi, mawazo hayakai mahali pamoja, njaa inazidi. Wengine hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta, nao hushtuka na kusema: «Tumbako ndiyo iliyokuwa ikinizuilia kikohozi.» Sivyo. Mapafu yameanza kujifagia, na mavumbi ya miaka mingi yanatoka. Watu wa nyumbani waambiwe mapema, wasifikiri kwamba baba amerogwa au amepata chuki nao. Baada ya siku hizo taabu hupungua, na kwa watu wengi hukoma katika wiki 2 hadi 4.

Na lazima kila aachaye ajue jambo hili, hata kama atasahau mengine yote: tamaa ya sigara haikai. Inakuja kama mvua ya upepo, inapiga kwa nguvu, na kwa kawaida baada ya dakika 3 hadi 5, au 10 kwa wingi, imepita. Nayo hupita mtu akivuta, hupita pia asipovuta. Mvutaji hakuwahi kulijua neno hilo, kwa sababu kila mara aliwasha kabla ya dakika hizo kwisha. Basi kazi ya anayeacha si kushindana na miaka 20 ijayo. Kazi yake ni kupitisha dakika chache. Anywe maji polepole. Atafune muwa au karanga. Aende kuchanja kuni. Amwendee jirani amwulize habari ya shamba lake. Asali kwa kifupi kama ni mtu wa sala, lakini asikae amefunga macho na kuifikiria sigara huku akisema anasali. Asimame, mikono ipate kazi.

Katika hospitali za miji mikubwa zipo dawa za kusaidia, kama bandeji ndogo na ubani wa kutafuna zenye nikotini kidogo bila moshi. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni limeziandika katika orodha ya dawa za lazima. Vijijini hazipatikani kwa urahisi, na mara nyingi bei yake ni kubwa. Hata hivyo anayekwenda mjini aweza kumwuliza mganga au mwuguzi. Kutafuta msaada si aibu: katika watu 100 wanaojaribu kuacha peke yao bila msaada wowote, wapatao 3 hadi 5 tu ndio ambao baada ya miezi 6 hadi 12 wangali hawavuti. Hesabu hiyo isimvunje mtu moyo. Maana yake ni kwamba mmoja peke yake ni dhaifu. Wawili wakiacha siku moja, wakutane kila jioni mlangoni mwa mmoja wao na kuulizana bila kuona haya: «Leo je?»

Sasa imefika ile sehemu ya kudumu.

Baada ya mwezi mmoja au miwili mwili umetulia. Kikohozi kimekwisha, mlima unapandwa bila kuhema, bukari ina ladha yake. Ndipo hatari nyingine inapokuja, nayo haiji kama adui. Inakuja kama mgeni mpole, na neno lake ni «moja tu». Haimwambii mtu: «Rudi ukavute sigara 10 kila siku.» Angekataa mara moja. Inamwambia: «Wewe umeshinda, wewe si mtumwa tena, moja tu haitakudhuru.» Na ile milango ya ubongo, iliyokuwa imelala, huamshwa na moja hiyo. Kesho yake inaomba ya pili.

Saa za hatari zinajulikana. Ya kwanza ni saa ya pombe. Kikombe cha pili cha malofu huilegeza ahadi, na wenzake wote wanavuta. Aliyeacha tumbako afadhali akae mbali na vikao vya pombe kwa miezi ya kwanza, au akae upande usio wa wavutaji, naye aondoke mapema. Ya pili ni saa ya ugomvi wa nyumbani. Ya tatu ni kilio, watu wanapokesha usiku kuzunguka moto, na sigara zinapita mkono kwa mkono. Ya nne, ambayo watu hawaitazamii, ni saa ya furaha: mtoto amezaliwa, mavuno yamekuwa mema, Pasaka imefika.

Juu ya kilio, mazungumzo kama haya huweza kusikiwa katika kijiji chochote, masomo yakiisha na wengine wakiwa wamekwenda.

«Mwalimu, mjomba wangu mkubwa akinipa sigara mbele ya watu, nami nikakataa, si kumdharau?»

«Mjomba wako anajua kwamba umeacha?»

«Hajui, mwalimu. Anakaa kijiji kingine. Tutaonana huko kwenye kilio.»

«Basi wataka kumpa habari hiyo usiku, mbele ya watu, yeye ameunyosha mkono. Ndiyo sababu itaonekana kuwa dharau. Nenda kwake kesho. Chukua kitu kidogo cha kumpa, kaa chini, umwambie: Mjomba, nimeacha tumbako, nakuomba unisaidie. Mtu mzima akiombwa msaada na mpwa wake hatamnyima.»

«Na akisahau, akanipa?»

«Usiishike. Mkono ukishika, mdomo utafuata. Mpigie magoti kama desturi, umwambie: Asante, mjomba, nipe maji. Akikupa maji amekupa, nawe umepokea. Heshima imetimia.»

Mkatekumeni akanyamaza, halafu akasema: «Mwalimu, neno la kukataa ni fupi, lakini laniogopesha kuliko siku zile tatu.»

Alisema kweli. Kwa watu wengi woga wa kuwa peke yao kati ya wenzao una nguvu kuliko nikotini. Ndiyo sababu inafaa jibu litayarishwe kabla, lisemwe mara nyingi nyumbani, hata kwa sauti, mpaka ulimi umelizoea. Na jibu lisiwe refu. Anayeeleza sababu nyingi huwaita wenzake wabishane naye. «Asante, nimeacha», yatosha.

Habari za mtu mmoja wa Ireland zafaa kusimuliwa hapa. Matt Talbot alizaliwa mjini Dublin mwaka 1856, katika nyumba maskini, akaanza kazi akiwa na miaka 12 hivi, na upesi akawa mlevi. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikwenda kwa padri akaweka ahadi ya kuacha pombe. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi 3, nayo ilimwonekea kama isiyo na mwisho. Ilipotimia akaahidi tena, na mwishowe akaahidi kwa maisha yake yote. Walioandika habari zake husimulia kwamba alijizoeza kutembea bila fedha mfukoni, ili akipita mbele ya duka la pombe asiwe na la kufanya. Tena alikuwa mvutaji mkubwa. Baadaye akaiacha tumbako nayo, na husimuliwa kwamba kuiacha kulimtaabisha kuliko kuacha pombe. Alikuwa mpagazi wa mbao, mtu wa mshahara mdogo, asiyejulikana na watu. Alikufa njiani akienda Misa mwaka 1925, baada ya miaka 41 bila kurudi nyuma, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha kwamba alizishika fadhila kwa ushujaa.

Mambo mawili ya mtu huyo yanaweza kufuatwa na kila mtu. La kwanza ni fedha. Mchuuzi wa sigara moja moja anauza kwa mwenye sarafu mkononi. Asiye nayo ataendelea na njia yake, na baada ya hatua mia tamaa imepita. La pili ni ahadi fupi inayofanywa upya kabla haijaisha. Hapo ndipo wale wa Kwarezima wanapokosea. Kuahidi siku 40 si vibaya. Vibaya ni kuiacha ahadi iishe siku ya karamu, mtu akiwa hana nyingine. Aliyeahidi tangu Jumatano ya Majivu afanye ahadi mpya Jumamosi Takatifu, kabla ya ngoma na pombe ya Pasaka: siku 50, mpaka Pentekoste. Ikifika Pentekoste atakuwa amekaa miezi 3, mwili umekwisha kutulia, naye ataona mwenyewe kama anataka kumrudia yule mchuuzi wa majani ya paa.

Uzito wa mwili huweza kuongezeka kidogo. Kijijini jambo hilo halimsikitishi mtu.

Lakini itakuwaje kwa yule aliyeanguka? Amekaa wiki 6, alfajiri moja kwenye kilio amevuta. Mara anasema: «Nimeshindwa, yote yameharibika», na jioni ananunua pakiti. Neno hilo «yote yameharibika» lina hatari kuliko sigara aliyoivuta. Mwenye kubeba mtungi wa maji akijikwaa na maji kidogo yakamwagika, haupigi mtungi chini. Wiki 6 zile hazikupotea. Mapafu yamekwisha kupata faida yake, naye amekwisha kujifunza mengi juu ya moyo wake. Wengi walioacha kabisa walianguka mara nyingi kabla ya kufaulu. Sigara ile aliyoivuta iwe ya mwisho, si ya kwanza. Asingoje Jumatatu, wala mwezi mpya, wala Kwarezima nyingine. Asingoje hata kesho.

Jioni ile ile amtafute mwenzake aliyeacha pamoja naye, ampe habari bila kuficha, nao wakae chini wapeleleze jambo kama wanaume wapelelezavyo alama za mnyama aliyeingia shambani: ilikuwa saa gani, alikaa karibu na nani, alikuwa amekunywa nini, nani alimpa, na alijibu neno gani. Karibu kila mara wataona kwamba mnyama aliingia kwa njia moja ile ile. Wakiisha kuijua, wakate miti waizibe, na asubuhi wahesabu tena siku ya kwanza.